Vitanga vya Meza ya Baba

Meza ya baba ilinuka papa. Nalisema hili mapema, kwa sababu tulihangaika wiki nzima kulificha.

Haikunuka wakati wote. Ungeingia sebuleni kwetu asubuhi usingesikia kitu. Ungeona meza pana ya mbambakofi, miguu minne minene, na pembe zilizoviringwa vizuri hata mtoto akijigonga haumii. Harufu ilitoka ukiiwekea kitu cha moto. Bilauri moja ya chai ikikaa juu yake kidogo tu, ubao unapata joto, mafuta yaliyomo ndani yanapanda, na chumba kizima kinakuwa kana kwamba mtu amepasua papa chini ya kiti chako. Ukiinua bilauri, unakuta duara jeupe limebaki.

Kosa lilikuwa la baba, na fundi wa meza asingelifanya. Baba yangu, Mbwana, ni fundi wa mashua. Miaka arobaini, hapa Kismayo na Mombasa tulikokimbilia, hakuwahi kuunda kitu kisichoingia majini. Lakini siku hizi wavuvi wananunua boti za faiba. Zinashushwa melini zikiwa zimekamilika, hazitaki kalafati ya kuziba mianya wala fundi. Huu ni mwaka wa pili hakuna aliyemwagiza hata kasia. Basi alichukua mbao za mashua iliyoishia njiani, mwenyewe alipoghairi, akaunda meza. Alipomaliza akaipaka kile anachojua kupaka, mafuta ya ini la papa. Aliipaka mara tatu, akaianika, akaipaka tena.

"Ubao ukishiba mafuta hauozi," aliniambia.

"Lakini hii itakaa ndani, baba."

"Kwani ndani hakuna unyevu?"

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilisomea ualimu Mombasa, sasa nafundisha darasa la tatu, na darasani nasikika kwa sababu watoto wakiona midomo yangu inatikisika hunyamaza wenyewe. Watu wazima hawana huruma hiyo.

Ila meza ile niliipenda tangu siku ilipoingia. Tangu watu wa nyumba yetu walipokimbia vita mwaka wa tisini na moja, hatukuwa na kitu kisichobebeka kichwani. Nilizaliwa Mombasa katika chumba cha kupanga, nikala sakafuni juu ya mkeka, na mkeka ukakunjwa mara nne tukihama, ya mwisho tukirudi hapa Kismayo. Meza hii iliingizwa na wanaume wanne, na mlango ukang'olewa kwanza.

Aliyegundua harufu ni shangazi Shamsa, dada mkubwa wa baba. Nyumba ni yake, na tangu mama afariki yeye ndiye anayeamua kila kitu, kuanzia chumvi hadi pazia. Aliweka chai yake mezani, akainua pua, akatazama chini ya viti, akatazama nyayo zake. Kisha akainua bilauri, akanusa ubao.

"Mbwana! Umenitilia mashua sebuleni!"

Baba alicheka siku ile. Lakini shangazi hakucheka. Idi ilikuwa imebaki siku tisa, na siku ya Idi nyumba yetu hupokea watu kutoka swala mpaka adhuhuri, kila mmoja na chai yake.

"Watu wanatusema sisi watu wa bahari tunanuka samaki hata tukiwa tumeoga," alisema. "Sasa niwape meza ya ushahidi? Nitaipeleka uani, tuparulie samaki. Mahmoud ameahidi kunipa ya kioo."

Mahmoud ni binamu yao. Ana duka la vitu vya Dubai: viti vya plastiki, meza za vioo, makochi yenye nailoni ambayo watu hawaitoi mpaka inachanika yenyewe. Ana ghala pia, na kwa mwezi mzima alikuwa akimwambia baba aende kukaa mlangoni pa ghala hilo awe mlinzi. Baba alikuwa hajajibu. Siku ile alijibu, lakini alimjibu dada yake.

"Iache mpaka Idi. Ikituaibisha mbele ya watu, itoe. Nami nitatia zana zangu guniani, Jumatatu niende nikakae kwa Mahmoud."

Alisema polepole, kama mtu anayesoma kipimo. Nikatazama mikono yake, nikajaribu kuiona imeshika rungu la mlinzi. Sikuweza.

Jioni ile nilimfuata shangazi jikoni. "Nikipata njia ya kuzuia joto lisifike kwenye ubao?"

"Utaipulizia?"

"Nitasuka vitanga vidogo. Kila bilauri na chake, chini yake."

Nilikuwa nimeviona kwa mama mwenye nyumba wetu Mombasa, Bi Wardah. Kwake hukuweka hata kikombe kitupu bila kitu chini. Alikuwa akisema meza ikichafuka wewe ndiye uliyechafuka. Vyake vilikuwa vya mpira, vya dukani. Mimi nilitafuta miyaa ya mkindu, nikasuka ukili, nikaushona kwa kuuzungusha, tabaka mbili, ukubwa wa kiganja. Kila nilipomaliza kimoja nilikiweka mezani na maji yanayochemka juu yake, nikahesabu mpaka mia mbili, kisha nikalaza pua kwenye ubao. Hakuna kitu. Kwa siku nane nilisuka ishirini na nne. Vidole vilichubuka, na watoto wa darasa la tatu wakaniuliza kama nimepigana.

"Haya," shangazi alisema alipoviona vimepangwa. "Lakini harufu ikitoka mara moja tu, meza inakwenda uani. Na usije ukamwelekeza mgeni. Sitaki kusikia nyumbani kwa Shamsa wageni wanafundishwa adabu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwetu mgeni haelekezwi. Akikosea kiti akaketi kwenye ndoo, wote tutakaa kana kwamba ndoo ndiyo kiti. Nikajiambia hapatakuwa na haja ya kusema. Kitu kikiwa mbele ya mtu, na bilauri ikija, atajua.

Siku ya Idi, baada ya swala, wa kwanza kuingia alikuwa Nasrudin, jirani mwendesha bajaji, na kanzu mpya iliyokuwa bado na alama za kukunjwa. Alisalimu, akaketi, akapokea chai. Akakiona kitanga. Akakiokota, akakigeuza, akatabasamu, akakiweka juu ya bilauri.

"Mashaallah," alisema. "Leo hata nzi mmewawekea mlango."

Kumbe nilisahau kitu ambacho mtoto wa kwetu hahitaji kufundishwa. Katika nyumba zetu kitu cha ukili, cha mviringo, kinachotosha juu ya chombo, ni kawa, na kazi ya kawa ni kufunika. Bi Wardah hakuwahi kufunika chakula kwa ukili, yeye alitumia vifuniko vya plastiki. Nami nilikuwa nimesuka kawa ishirini na nne za kupendeza, nikawapa watu wanaojua kawa ni nini.

Akaja Hodan, rafiki yangu tunayefundisha naye, na mama yake. Wakafunika. Wakaja watu wa kisiwa cha Fuma, watano, wakafunika. Akaja Bi Zakia, bibi wa kisiwa cha Ngumi na lahaja yake ya kisiwani, mkali wa maneno na macho yameanza ukungu, akapapasa, akakipata, akafunika, akakipigapiga kwa juu kitulie. Mgeni alivyokuwa na adabu zaidi ndivyo alivyofunika kwa uangalifu zaidi. Na chini ya kila bilauri, ubao ulikuwa uchi.

Shangazi alinitazama kutoka mlango wa jikoni. Nikamtazama baba. Alikuwa pembeni, kofia mpya, mikono magotini, anatazama meza kama mtu anayetazama maji yakiingia chomboni.

Nikazunguka na sahani ya visheti. Kila nilipoinama nilijaribu kusema. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Karibu visheti." Hodan peke yake ndiye niliyeweza kumnong'oneza, "Ni cha chini, walaal, dada yangu," naye akanijibu kwa sauti ya chumba kizima, "Chini wapi?" Nikakimbilia jikoni.

Niliporudi, harufu ilikuwa imetoka.

Ilianza kidogo. Nasrudin alikuna pua. Mama yake Hodan alivuta shungi lake puani. Bi Zakia, ambaye macho yanampunguka lakini pua haijapungua, aliinua uso.

"Nani anapika papa siku ya Idi?"

"Jirani," shangazi alisema haraka, akatia udi zaidi kwenye chetezo. Sasa chumba kikanuka papa aliyefukizwa udi.

Hapo ndipo Ami Mahmoud alipoingia. Kanzu nyeupe kama karatasi, saa kubwa, simu mbili. Watu wakamsogelea, wakampisha kiti cha katikati. Shangazi mwenyewe alimletea chai, imejaa mpaka mdomoni, kama anavyomimina kwa mtu anayemheshimu. Ami Mahmoud akakiokota kitanga. Hakukiweka juu. Alikigeuza, akacheka.

"Hivi nimeviona hotelini Dubai. Ni vya kuwekea chini, meza isiharibike." Akawaangalia watu wote waliofunika, akacheka tena. "Nyinyi mmevivika bilauri kofia!"

Watu wakacheka kwa haya, mikono ikaenda kwenye bilauri. Nikajiambia: Angalau mmoja anajua, na kwa mdomo wake wote watajua.

Lakini Ami Mahmoud alikisukuma kitanga kando kwa kidole, akaweka bilauri yake pale pale juu ya ubao.

"Meza inayoogopa chai, Mbwana, si meza. Njoo dukani nikuonyeshe. Kioo. Unamwaga, unapangusa, kwisha. Hii," akapiga ubao kwa kiganja, "hii ilitaka kwenda bandarini Burgao na nanga."

Wengine walicheka. Baba naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayelipwa kidogo na kushukuru.

"Basi Jumatatu," Ami Mahmoud akaendelea. "Ufunguo wa ghala nimeshakuchongeshea."

Baba akainamisha kichwa. Alikuwa anakwenda kusema ndiyo. Nilimwona anavuta pumzi ya kuisema.

"Samahani, ami," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikainua bilauri yake, nikasogeza kitanga, nikaiweka juu yake. Ami Mahmoud aliniangalia kama mtu aliyeguswa na paka.

"Eh! Mwalimu!" Akapiga funda moja, akairudisha bilauri kwenye ubao, shibiri moja kutoka kwenye kitanga, taratibu, huku ananitazama.

Nikaiinua tena. Nikaiweka kwenye kitanga.

"Tima," shangazi alisema huku ameuma meno.

Mara ya tatu Ami Mahmoud alikichukua kitanga chenyewe, akakitia mfuko wa kanzu. "Hiki nakwenda nacho, zawadi yangu ya Idi." Watu wakacheka kwa nguvu sasa, walikuwa wamefurahi kuona mambo yamegeuka mzaha. Akainua bilauri, akapiga funda, akainyoosha kuiweka chini.

Niliipokea mkononi mwake kabla haijagusa ubao.

"Basi nitakushikia mimi, ami," nikasema. "Ukitaka kunywa, niambie."

Bilauri zetu hazina masikio. Na chai ya shangazi humiminwa ikiwa inatokota. Nilisimama mbele yake nimeishika kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyoshikiwa mgonjwa. Kwa muda sikuhisi kitu. Kisha nikahisi.

"Iweke chini," alisema.

"Kitanga unacho mfukoni, ami."

"Weka mezani, nasema."

"Mezani haikai bila kitanga. Baba ndiye aliyeiunda."

"Tima! Huyo ni mgeni!" Shangazi alikuwa ameshika birika kama silaha.

"Najua, shangazi. Ndiyo maana namshikia."

Kiganja cha kulia kilikuwa kinawaka. Nilitaka kulia, na kama ningekuwa peke yangu ningelia. Lakini nilifikiri: nikiiweka hii, Jumatatu baba anakaa mlangoni. Nikaibana zaidi.

"Huyu ndiye asiyesikika?" Ami Mahmoud aliuliza watu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Angeweza kutoa kitanga mfukoni, kikamaliza yote. Mkono wake ulikwenda pale, ukarudi.

Bi Zakia ndiye aliyemjibu. "Mahmoud, kunywa chai yako, mwana anaungua. Mchu mzima unashindana na bilauri?" Kisha akapapasa bilauri yake mwenyewe, akakivua kitanga, akakisogeza karibu na jicho. "Kumbe ni cha chini! Nami nimefunika nacho tangu nilipokaa. Mbona hukusema, mwana?"

"Niliona haya, bibi."

"Haya! Na sasa je?"

"Sasa sioni."

Akacheka mpaka akakohoa, akaiinua bilauri na kuiweka juu ya kitanga. Hodan akafanya hivyo. Nasrudin akafuata, kisha watu wa Fuma, wote watano kwa pamoja.

Baba alikuwa amesimama. Alikuja akaichukua bilauri mikononi mwangu. Viganja vyake ni magamba matupu, hakutikisika hata kidogo. Kwa mkono wa pili alikifunua kiganja changu, akakitazama. Kilikuwa chekundu, na katikati lengelenge lilianza kuinuka.

"Jirani hapiki papa," aliwaambia watu. "Hiyo harufu ni ya meza. Niliipaka mafuta kama mashua. Sikuwahi kuunda kitu cha kukaa ndani, sikujua." "Kosa ni langu, si la ubao. Ubao ni mzuri."

Nilidhani watacheka. Mzee mmoja wa Fuma aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, pale mbao mbili zilipokutana, akatafuta mwanya, hakuupata. "Ubao ni mzuri," alisema.

Ami Mahmoud akasimama, akapangusa kanzu isiyokuwa na kitu. "Haya, Mbwana. Maneno ya Idi yameisha. Jumatatu saa moja."

"Jumatatu nina kazi," baba alisema.

"Kazi gani?"

"Nina meza ya kuranda. Lazima nitoe uso wote wa juu, mpaka nifike chini ya mafuta."

"Meza moja!"

"Moja."

"Na baada ya hiyo?"

Baba aliitazama chai aliyoishika, akainywa, yote, chai ya mgeni, mbele ya mgeni. Sijapata kuona jambo kama hilo nyumbani kwetu. Ami Mahmoud alitoka bila kuaga, na kitanga changu mfukoni.

Shangazi alinivuta mpaka jikoni, akakitumbukiza kiganja changu kwenye bakuli la maji, akanigombeza huku akinimwagia mengine. Nimemwaibisha. Nimemfukuza mtu wa damu yake. Meza ya kioo haitakuja tena, na viti navyo alikuwa ameahidiwa. Hivi nilifundishwa chuoni kumnyang'anya mzee kikombe? Nilimwacha aseme. Yote yalikuwa kweli.

"Na harufu ilitoka," alimalizia. "Nilikwambia ikitoka mara moja tu, meza inakwenda uani."

"Ilitoka," nikasema.

"Basi?"

"Haiendi, shangazi."

Alikuwa hajawahi kusikia neno hilo kutoka kwangu, na mimi sikuwa nimewahi kulisema. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu. Alifungua mdomo. Nje mtu akabisha, "Hodi! Idi mubarak!" na nyuma yake sauti nyingi, za watu wazima na watoto, kundi kubwa kuliko lote la asubuhi.

Shangazi alinitazama, akatazama mlango. Kisha akaanza kupanga bilauri kwenye sinia.

Nilifuta mkono kwenye leso, nikaenda sebuleni. Wageni walikuwa bado wamesimama, wanavua viatu. Baba alikuwa amepanga vitanga upya, ishirini na tatu. Nilisimama katikati ya chumba, mahali ambapo sijawahi kusimama mbele ya watu.

"Karibuni," nikasema, na sauti ikafika mpaka barazani. "Hivi vitanga ni vya chini ya bilauri. Bilauri haikai kwenye ubao."

Wakanitazama. Nyuma yangu nilimsikia shangazi amesimama na sinia, bilauri zinagongana kidogo. Hakupita mpaka nilipomaliza kusema.